Mgeni wa Mchezo: Siku ya Tatu Ni Ipi?



Wazee wetu walisema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Maana yake twaijua sote. Siku ya kwanza mgeni huchinjiwa kuku, siku ya pili hupumzishwa, na siku ya tatu huamka pamoja na wenyeji akaenda kulima. Hapo ugeni umekwisha. Sasa ni mtu wa nyumbani. Juma hili nataka tulichukue neno hilo la wazee, tulipeleke mahali ambapo wao hawakupajua, yaani katika michezo ya simu.

Maana siku hizi pita Mirongo, pita Mabatini, nenda Igoma hata Buhongwa, utawakuta vijana wameinamia simu. Mmoja acheza mpira, wa pili apiga bunduki za bandia, wa tatu acheza drafti, au sataranji ambayo wao huiita chesi, na mtu aliye Nairobi au India, ambaye hajamwona wala hatamwona. Wengine ni wanafunzi, wengine ni waendesha bodaboda wanaongoja abiria, wengine ni baba wa watoto. Na kati yao liko shindano lisilokwisha: nani fundi, na nani angali mwanagenzi? Yule aliyeanza mwezi uliopita, je, angali mgeni, au amekwisha kuwa mwenyeji? Jembe lake apewe lini?

Msidhani kwamba hilo ni swali la kitoto. Kijana anayejidhania fundi, kumbe bado, ndiye awekaye fedha ya nauli juu ya ubao wa drafti akarudi nyumbani kwa miguu. Na yule anayeambiwa kila siku kwamba hajui kitu hukata tamaa akaacha, na labda alikuwa karibu kufika. Kujua mahali ulipo katika kujifunza ni jambo kubwa, hata kama linalofunzwa ni mchezo.

CHEO CHA SIMU

Tuanze na jibu la simu yenyewe, kwa kuwa ndilo vijana wanalolishika kwanza. Michezo ya vita kama PUBG Mobile na Free Fire humpa mchezaji cheo, na vyeo vingi vina majina ya madini: shaba, fedha, dhahabu, almasi. Kijana hucheza siku chache tu, mara simu yamwambia, "Sasa wewe ni wa dhahabu." Naye hutembea kifua mbele. Sisi watu wa Kanda ya Ziwa twaijua dhahabu ya Geita na almasi ya Mwadui, na twalijua jasho la wachimbaji. Havipatikani kwa siku mbili.

Tusidanganyane. Katika michezo ya namna hiyo mgeni hupokewa kama mgeni. Wengi katika maadui anaowaangusha siku za kwanza si watu kabisa. Ni kompyuta inayojifanya watu, tena nzito wa kulenga shabaha. Wenye mchezo wana sababu yao. Mtu akifungwa mara kumi mfululizo siku ya kwanza, huufuta mchezo asirudi tena. Lakini akishinda atanogewa, na akinogewa huenda akanunua nguo za askari wake na rangi ya bunduki yake, kwa fedha halisi itokayo katika simu ile ile. Huyo ndiye kuku wa mgeni, ndugu yangu. Umechinjiwa, hujalima bado. Tena kila msimu mpya ukianza vyeo hushushwa, watu wakaanza kupanda upya. Basi cheo cha namna hiyo kifurahie kama unavyofurahia chakula cha ugenini, lakini usijipimie nacho.

KIPIMO CHA PROFESA

Wacheza sataranji wana kipimo chenye haki zaidi. Kilibuniwa na Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette, mjini Milwaukee, Marekani. Shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, lilikipokea mwaka 1970. Kila mchezaji ana namba yake. Ukimshinda mwenye namba kubwa kuliko yako wapata pointi nyingi. Ukimshinda mdogo wako wapata chache. Wawili wakipishana pointi 200, yule wa juu hutazamiwa kushinda kama mara 3 katika 4. Wakipishana 400, hutazamiwa kushinda kama mara 9 katika 10.

Na tazama, sheria za FIDE zamtambua mgeni waziwazi. Aliyeingia orodhani juzi namba yake huachwa iyumbe sana, mpaka amalize michezo 30. Katika muda huo, akimshinda mtu aliye sawa naye hupata pointi 20. Michezo 30 ikiisha, ushindi ule ule humpa pointi 10 tu, kwa kuwa sasa amejulikana. Basi ukimwuliza karani wa FIDE, "Ugeni wakoma lini?" atakujibu, "Michezo 30."

Lakini kwa watoto sheria ni nyingine. Asiyefikisha miaka 18 huendelea kuhesabiwa kama mgeni, namba yake ikiyumba vile vile, maadamu iko chini ya 2300. Yaani shirikisho limekiri kwamba mtoto angali anakua, na si haki kumfunga katika namba aliyoipata mwaka jana. Wazazi na walimu, hapo pana neno letu pia. Ni mara ngapi tumemwita mtoto mjinga kwa mtihani wa darasa la nne, jina hilo likamfuata mpaka la saba?

Katika uwanja wa intaneti uitwao Lichess, ulioanzishwa na Mfaransa mmoja mwaka 2010 na usiodai malipo, mgeni hupewa namba 1500, na baada yake huwekwa alama ya kuuliza. Vijana wengi huisoma 1500, lakini alama ya kuuliza hawaisomi. Kumbe alama hiyo ndiyo isemayo kweli! Yasema, "Bado sijakujua." Ukicheza mara kadhaa huondoka, ukiacha kucheza muda mrefu hurudi.

Je, alama ikiondoka ugeni umekwisha? La. Kuondoka kwake maana yake ni kwamba kompyuta imekujua wewe. Haikusema kwamba wewe umeujua mchezo. Mtu aweza kujulikana vizuri sana kwamba hajui.

BAO LA KUJIFUNZA

Sasa tuiache simu kidogo, tuwaulize wazee wenye bao. Mchezo huu ni wa kwetu. Wasukuma wanao wa ukoo mmoja nao uitwao isolo, Waganda wana omweso, Wanyarwanda wana igisoro, na Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alijulikana sana kwa kulipenda bao. Wazee hawa hawakuwa na namba wala vyeo vya madini, lakini walijua kumtenga mgeni na mwenyeji. Walifanya mabao mawili.

La kwanza huitwa bao la kujifunza. Kete zote 64 huwekwa ubaoni tangu mwanzo, mbili mbili katika kila shimo, na mashimo ni 32. Hapana kilichofichwa, kila kitu kiko machoni. La pili ni bao la kiswahili. Hapo kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni, na 22 hubaki mkononi. Sehemu ya kwanza ni kunamua, yaani kuingiza kete moja moja. Za mkononi zikiisha ndipo waingia katika mtaji. Iko na nyumba, lile shimo lenye akiba yako, ambalo lina sheria zake: lini yafaa kuilinda, lini yafaa kuifungua.

Tazama hekima ya wazee. Hawakumwambia mwanagenzi, "Umeshinda mara 30, vuka." Walimpa mchezo mwepesi wenye mashimo yale yale na kete zile zile, akazoesha mkono na jicho. Kisha wakamweka mbele ya mchezo mzito, na papo hapo ikajulikana kama ameiva. Maana katika bao la kiswahili mwanagenzi hujulikana upesi. Yeye hutazama kete atakazokula, na akiona nyingi hucheka. Fundi hutazama mahali kete yake ya mwisho itakapoangukia, na baada ya hapo mwenzake atakula nini. Mwanagenzi ahesabu mapato. Fundi ahesabu mapato na madeni.

KUJUA, NA KUJUA KWA NINI

Hapo ndipo tunapolikaribia jibu. Ngoja nitoe mfano wa ziwani, kwa kuwa sote tu watu wa pwani ya ziwa.

Mtoto anayeanza kwenda kuvua dagaa hujifunza mapema kwamba mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi hulala ufukoni. Ameliona, amelishika, ataweza hata kumwambia mgeni kutoka Dodoma. Lakini mwulize kwa nini. Asipojua, yeye angali abiria katika mtumbwi. Mvuvi atakujibu kwamba dagaa huvuliwa gizani kwa kuwa huifuata taa. Mwezi ukijaa, mwanga wake huenea juu ya maji yote, taa yako ikakosa nguvu ya kuwakusanya. Wote wawili wajua jambo moja, na wote usiku huo watalala nyumbani. Ila siku mawingu mazito yatakapoufunika mwezi, mmoja ataweza kufikiri la kufanya, na wa pili atangoja aambiwe.

Ndivyo ilivyo katika mchezo wowote. Katika sataranji uko mtego mmoja maarufu: malkia na askofu hushirikiana kumvamia askari asimamaye karibu na mfalme, na mchezo huisha kwa hatua nne tu. Mwanagenzi akifungwa hivyo mara mbili au tatu, huukariri mtego huo naye akaanza kuwafunga wageni wenzake. Hufurahi kweli kweli, akajiita fundi. Hasha! Amehama tu kutoka upande wa kufungwa kwenda upande wa kufunga. Siku atakapokutana na ajuaye, malkia wake aliyetoka mapema atafukuzwa huku na huku, na kila anapokimbia mwenzake ajenga kikosi chake. Atashindwa naye atasema, "Leo sikuwa na bahati," au "Mtandao ulikatika." Neno hilo ndilo linalomtaja kuwa mwanagenzi.

Basi jibu langu ni hili: mwanagenzi huacha kuwa mwanagenzi siku anapoweza kueleza kwa nini ameshindwa, asitaje bahati, wala mtandao, wala ubaya wa simu. Si siku ya ushindi wa kwanza, kwa maana hata asiyejua hushinda asiyejua zaidi. Ni siku ya kushindwa kwa macho yaliyo wazi. Wahenga walikwisha kusema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Twalitumia neno hilo kuwafariji walioshindwa, lakini ndani yake mna jambo gumu zaidi. Asiyekubali kushindwa hajaanza hata kushindana.

JEMBE LENYEWE

Na jembe je? Maana mithali haikusema kwamba mgeni apewe sifa siku ya tatu. Ilisema apewe kazi. Kazi ya aliyekwisha kuwa mwenyeji wa mchezo ni kumpokea ajaye nyuma yake.

Ng'ambo ya ziwa letu, katika mtaa wa Katwe mjini Kampala, aliishi msichana maskini, Phiona Mutesi. Mwalimu Robert Katende alikuwa akiwafundisha watoto wa mtaa huo sataranji, na kila aliyefika alipewa uji. Phiona alimfuata kaka yake mpaka pale. Njaa ilikuwa sababu mojawapo. Aliyemwonyesha kwanza jinsi kila kipande kinavyotembea alikuwa msichana mdogo kuliko yeye kwa umri. Mtoto yule mdogo hakuwa na cheo wala namba, wala hakuna aliyemwita bingwa. Lakini alikuwa amekwisha kukabidhiwa jembe. Alijua kutosha kumfundisha mwingine, naye akamfundisha.

Mwaka 2012, katika mashindano makubwa ya mataifa yaliyofanyika Istanbul, Uturuki, Phiona alipata cheo rasmi cha sataranji kwa wanawake, na mwaka 2016 filamu ya maisha yake ilitolewa, ikaonwa duniani kote. Sasa sikilizeni: cheo kile ndicho cha chini katika vyeo rasmi vya wanawake. Juu yake viko vingine vitatu. Aliyesifiwa na dunia nzima alikuwa amesimama kwenye ngazi ya kwanza! Hiyo haimpunguzii sifa hata kidogo. Yatuonyesha tu kwamba kumaliza ugeni na kuwa bingwa ni mambo mawili yaliyo mbali sana. Mwenye nyumba si lazima awe mtemi wa kijiji. Yatosha kwamba ana jembe na ajua shamba liko wapi.

NENO KWA VIJANA NA WAZAZI

Kijana, wataka kuvuka ugeni? Usiongeze saa za kucheza. Zipunguze. Badala ya michezo kumi ya haraka usiku mmoja, cheza mitatu, kisha chukua mmoja ulioshindwa uutazame tena tangu mwanzo. Lichess huhifadhi kila mchezo, hatua kwa hatua, wala haidai senti ila ile ya bando. Tafuta mahali hasa ulipoharibu. Mara nyingi utaona si pale ulipofungwa. Ni hatua tano au sita nyuma, wakati ulipokuwa ukidhani washinda. Ukicheza bao au drafti chini ya mti, mwombe aliyekufunga akurudishie na kukuonyesha. Fundi wa kweli hatakunyima.

Tena jihadhari na mchezo wa kubahatisha, ambao siku hizi umekaa katika simu ile ile, jirani ya drafti na sataranji, umevaa nguo zile zile. Jiulize swali letu la leo: katika mchezo huu mwanagenzi huacha lini kuwa mwanagenzi? Namba ikizunguka yenyewe na wewe wabonyeza tu, jibu ni kwamba haachi kamwe. Aliyebonyeza miaka kumi hana ajualo zaidi ya aliyebonyeza leo asubuhi, ila amepoteza zaidi. Mchezo usio na mwenyeji, ambao kila mtu ni mgeni siku zote, ujue kwamba kuku anayechinjwa humo ni wewe.

Nawe mzazi, usimpokonye mtoto simu kabla hujajua anachokifanya. Keti naye. Usimwulize, "Umeshinda?" Mwulize, "Umeshindwaje?" Akikueleza vizuri, kwa utaratibu, na bila hasira, shukuru: mtoto huyo ajifunza kufikiri, na kesho ataweza kueleza kwa nini alikosa hesabu ya saba katika mtihani. Lakini akikasirika, akaitupa simu, akaanza tena papo hapo bila kupumzika, hapo pana kazi. Shirika la Afya Duniani limeyaingiza mazoea mabaya ya michezo ya kompyuta katika orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Dalili zake ni tatu: mtu hawezi kujizuia, mchezo watangulia kila jambo lingine, na huendelea kucheza ijapokuwa aona madhara yake. Kwa kawaida dalili hizo huangaliwa kwa muda wa miezi 12, basi usimwite mtoto mgonjwa kwa ajili ya Jumamosi moja. Ila usingoje miezi 12 ndipo useme naye.

Kisha jambo la mwisho, lililo jepesi kuliko yote. Mtoto wako akisema amekwisha kuwa fundi, usibishane naye. Mwambie, "Vema. Basi mfundishe mdogo wako." Mtazame anavyofundisha. Akimcheka mdogo wake kila akikosea, akimfunga kwa mtego wa hatua nne na kuruka kwa furaha, jua kwamba angali mgeni anayesubiri kuku mwingine. Lakini akimrudishia hatua, akamwambia, "Tazama, hapa ulikuwa na njia nyingine, fikiri tena," basi usiwe na shaka. Siku ya tatu imefika, na jembe li mkononi mwake.

Haya, kwa leo yatosha. Tuonane juma lijalo.